Saini Juu ya Ngozi: Nani Ametia Sahihi?

Mwanafunzi wa chuo kikuu anatia sahihi mara nyingi kuliko anavyokumbuka: kwenye orodha ya mtihani, kwenye daftari la maktaba, kwenye karatasi za sekretarieti. Hasimami kujiuliza alama ile inafanya kazi gani. Kuna desturi moja, hata hivyo, inayotulazimisha kuuliza. Katika matamasha ya muziki, huko Marekani na Ulaya hasa, shabiki anamnyooshea mwanamuziki mkono ulio wazi, na mwanamuziki anaandika jina lake juu ya ngozi kwa kalamu nene ya wino, ile tunayoiita markeri. Kesho yake, au usiku uleule, shabiki anakwenda kwa mchora tatuu ili jina lile lisitoke tena mpaka kaburini.

Wengine wanacheka jambo hili, wengine wanalilaani. Mimi nataka kwanza tulielewe, na kulielewa kwa vyombo vya fakulte yetu. Swali langu ni hili: saini ikitoka kwenye karatasi ikaingia kwenye ngozi, je, inabaki saini? Na kama inabaki, ni ya nani?

Maneno tuliyo nayo

Kiswahili kina neno sahihi, lililotoka katika Kiarabu. Mzizi wake unabeba maana ya kitu kizima, kisicho na ugonjwa wala kasoro, na kwa hiyo cha kweli. Katika mzizi huohuo tumepata pia neno siha, yaani afya. Anayetia sahihi anasema: maneno haya ni mazima, nayasimamia. Neno la pili ni saini, lililoingia kutoka Kiingereza. Hapa Lubumbashi, ambako Kifaransa ndicho kilichotuazima zaidi, mtu anasema sinyatire, na tendo lake ni kusinye. Neno la nne linawahusu watu mashuhuri: otografu. Asili yake ni Kigiriki, na sehemu zake mbili maana yake ni «mwenyewe» na «kuandika». Otografu ni mwandiko wa mkono wa mtu mwenyewe. Tulishike neno hilo, maana ndilo litakalotusumbua mbele.

Upande wa ngozi pia hatuna umaskini wa maneno. Kuchanja ni kukata ngozi kidogo. Kutoka hapo tumepata chanjo, ambayo siku hizi ni sindano ya hospitali. Chale ni alama zenyewe zinazobaki. Nembo, ambayo leo tunaiona juu ya barua za serikali na bidhaa za viwanda, ilikuwa pia alama ya kabila iliyochorwa mwilini. Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji wanaziita alama zao za mwilini dinembo. Kibemba, ambacho wengi wetu tunakisikia kila siku hapa Haut-Katanga, kina kulemba kwa maana ya kuandika, na Kiswahili kina kuremba kwa maana ya kupamba. Ukiyaweka maneno haya pamoja, nembo, kulemba, kuremba, unaona kwamba kwa wazee wetu kuandika, kupamba na kuweka alama mwilini vilikuwa majirani wa karibu. Tatuu ni mgeni wa mwisho kufika. Limetoka visiwa vya Polinesia, ambako watu wanasema tatau, na mabaharia waliosafiri na James Cook ndio waliolipeleka Ulaya baada ya mwaka 1769. Kifaransa kikalifanya tatouage, nasi tukalipokea.

Kwa hiyo anayesema kwamba kuandika juu ya mwili ni ugonjwa uliokuja na televisheni hajasikiliza lugha yake mwenyewe. Jambo jipya hapa si kuandika juu ya mwili. Jipya ni kwamba kinachoandikwa ni saini ya mtu mwingine.

Jinsi inavyofanyika

Ngozi yetu ina matabaka. Lile la juu linajibadilisha lenyewe: chembe zake zinakufa na kubanduka, na baada ya mwezi hivi tabaka lote limekuwa jipya. Wino wa markeri unakaa juu kabisa. Maji, sabuni na jasho vinauondoa kwa siku chache. Ndiyo sababu shabiki aliyetoka kwenye tamasha anafunga mkono wake kwa plastiki na kukataa kuoga upande huo.

Tatuu inakwenda chini zaidi. Mashine ya umeme, ambayo ya kwanza ilipewa hataza Marekani mwaka 1891 kwa jina la Samuel O'Reilly, inapandisha na kushusha sindano mara nyingi kwa sekunde, na sindano inaingiza rangi kwenye tabaka la pili, kina cha milimita 1 hadi 2. Tabaka hili halibanduki. Mwili unaiona rangi kuwa adui, na chembe za ulinzi zinakuja kuimeza, lakini haziwezi kuiyeyusha. Utafiti uliofanyika Ufaransa juu ya panya, ukatolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba chembe hizo zikifa zinaiachia rangi, na chembe mpya zinaimeza tena mahali palepale. Kwa maneno mengine, tatuu haikai kama jiwe lililotulia. Mwili unaipokezana bila kuacha, kizazi kwa kizazi cha chembe.

Sasa linakuja jambo ambalo mashabiki wengi hawalitarajii. Mchora tatuu anayejua kazi yake hapendi kupitisha sindano juu ya wino wa markeri. Wino ule si safi, na sindano ingeusukuma ndani pamoja na vumbi na jasho la tamasha zima. Kwa hiyo anainakili saini kwanza, kwa kuipiga picha au kuifuatisha kwenye karatasi maalumu ya kunakilia. Kisha anaosha mkono kwa dawa, na saini ya mwanamuziki inafutika. Halafu anabandika nakala mahali palepale, na kuifuata mstari kwa mstari.

Tuliangalie vizuri. Ili saini ibaki, ni lazima kwanza ifutwe. Kile ambacho mkono wa mwanamuziki uligusa kimekwenda na pamba kwenye pipa la taka. Kile kitakachobaki miaka 50 kimeandikwa na mkono wa mtu mwingine, ambaye hana jina katika habari hii na ambaye pengine hata hapendi muziki ule. Je, hii bado ni otografu, mwandiko wa mkono wa mtu mwenyewe?

Wanafunzi wa mwaka wa tatu watakumbuka kwamba Jacques Derrida aliligusa swali hili katika hotuba yake ya mwaka 1971 huko Montréal, Signature événement contexte. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba saini inataka mambo mawili yanayogombana. Inataka kuwa tendo la mara moja, la mtu huyu, saa hii. Lakini isingeweza kutambuliwa kama isingekuwa na sura inayoweza kurudiwa, leo na kesho, ikaonekana ni ileile. Saini ambayo haiwezi kunakiliwa haina maana. Saini inayoweza kunakiliwa inaweza kughushiwa. Tatuu ya saini inauweka ugomvi huu wazi juu ya mkono wa msichana wa miaka 19, bila yeye kusoma hata ukurasa mmoja wa Derrida.

Kwa nini ngozi, si karatasi?

Karatasi iliyotiwa saini ina udhaifu mbili unaojulikana. Wa kwanza ni kughushiwa. Miaka ya 1960, wakati Beatles walipoombwa saini nyingi kuliko walivyoweza kuandika, wasaidizi wao Neil Aspinall na Mal Evans waliandika kwa niaba yao, na hadi leo wakusanyaji wanabishana juu ya karatasi ipi ni ya kweli. Udhaifu wa pili ni biashara. Karatasi inauzwa. Mtu anaweza kumwomba mwanamuziki saini huku akiwa na machozi machoni, na jioni akaiuza.

Ngozi inajibu yote mawili. Mwanamuziki ameandika mbele ya macho ya shabiki, juu ya mwili wake, kwa hiyo hakuna msaidizi aliyeingia kati. Na mkono hauuzwi. Anayetaka saini mwilini anamwambia mwanamuziki: mimi si mfanyabiashara, ulichonipa hakitatoka kwangu. Ni ushahidi wa mapenzi ambao gharama yake ni maumivu, na watu tangu zamani wameamini zaidi ushahidi uliolipiwa kwa maumivu.

Kuna sababu ya tatu, ambayo Wakongo tunaifahamu bila kufundishwa. Katika ngoma na sherehe zetu, anayefurahishwa na mwimbaji hamtumii bahasha. Anainuka, anacheza mpaka mbele, na anambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho. Ingekuwa shida ni fedha tu, angeziweka mezani. Anataka kugusa, na anataka waliohudhuria waone kwamba amegusa. Shabiki anayenyoosha mkono anatafuta kitu hichohicho: kuguswa, mbele ya mashahidi.

Jina linalokwenda na jina linalorudi

Hapa inafaa kulinganisha na desturi yetu kubwa, libanga. Kila msomaji anaijua: katikati ya wimbo, mwimbaji anataja jina la tajiri, la mwanasiasa, la rafiki aliye Brussels au Paris. Kwa Kilingala wanasema kobwaka libanga, kurusha jiwe. Mara nyingi mwenye jina amelipa, na anayelipa vizuri anatajwa vizuri.

Libanga na saini ya ngozi ni jambo moja lililogeuzwa. Katika libanga, jina la shabiki linaingia ndani ya kazi ya mwanamuziki, na litasikika kila mahali wimbo unapopigwa. Katika tatuu, jina la mwanamuziki linaingia ndani ya mwili wa shabiki, na litaonekana kila mahali mwili ule unapokwenda. Tajiri ananunua nafasi katika wimbo. Asiye na fedha za libanga hawezi kutajwa; anachoweza kutoa ni nafasi katika mwili wake. Sisemi hili kwa dharau. Nasema ili tuone kwamba jina linakwenda upande mmoja au mwingine kufuatana na nani ana nini mkononi.

Na jina lenyewe ni lipi? Mwanamuziki haandiki jina la kitambulisho chake. Papa Wemba, aliyefariki akiwa jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, alizaliwa Shungu Wembadio. Koffi Olomide ni Agbepa Mumba. Tena, watu wengi mashuhuri wana saini mbili, moja ya benki na moja ya mashabiki, ili anayeokota ya pili asiweze kufungua akaunti kwa ya kwanza. Saini aliyopewa shabiki, basi, ni ile isiyoweza kumfunga mwanamuziki kwa lolote.

Kambo anauliza

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana saini kama hiyo kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Aliandikiwa na mwimbaji mmoja baada ya tamasha hapa mjini, na siku mbili baadaye akaenda kuchorwa. Nyumbani maneno yalikuwa mengi. Baba yake alisema sana, mama yake alilia. Aliyenyamaza ni kambo, bibi yetu, aliyekuwa amekuja kwa matibabu kutoka upande wa Malemba-Nkulu. Siku ya tatu alimwita, akaushika ule mkono, akapitisha kidole juu ya mistari ambayo ilikuwa bado imevimba.

«Uyu mwenye alikuandika, anakujuaka jina?»

«Hapana, kambo. Ni miye njo namujua.»

Kambo akaguna, akauachia mkono. Hakuongeza neno.

Kambo mwenyewe ana chale tumboni na chini ya mgongo, kama wanawake wengi wa rika lake kwa Waluba. Zamani alama hizo zilikuwa maandishi kweli. Wachongaji waliochonga viti vya wafalme na lukasa, ule ubao wa kumbukumbu ambao wazee wa Mbudye waliusoma kwa kidole, walichora juu ya mti michoro ileile iliyochanjwa juu ya miili ya wanawake. Aliyemchanja kambo alimjua yeye, mama yake na ukoo wake. Alama zilimwambia kila aliyezisoma: huyu ni mtu wa watu fulani. Kwa hiyo swali lake halikuwa la dini wala la usafi. Aliuliza kama alama ile ina pande mbili. Je, aliyekuandika atakutambua?

Jibu la mdogo wangu lilinishika kuliko swali. Hakudai kwamba mwimbaji amemwahidi kitu. Alisema: mimi ndiye ninayemjua. Na hapo, nafikiri, ndipo penye ufunguo wa jambo lote.

Nani ametia sahihi?

J. L. Austin, katika mihadhara tunayoisoma kwa Kifaransa kwa jina la Quand dire, c'est faire, alitufundisha kwamba kuna maneno yanayotenda: kuahidi, kubariki, kuapa. Saini ni ndugu wa maneno hayo. Kwenye mkataba, saini inamfunga aliyeiandika. Anayesaini deni atalilipa.

Kwenye ngozi mzigo unahama. Mwanamuziki ameandika kwa sekunde tatu na kumgeukia mwingine, hadaiwi kitu. Aliyefungwa ni yule aliyeandikwa. Yeye ndiye atakayeeleza kwa mwajiri, kwa mchumba, kwa watoto wake. Mwanamuziki akitenda vibaya, yeye ndiye atakayeulizwa. R. Kelly alipohukumiwa nchini Marekani, kifungo cha miaka 30 mwaka 2022, nyimbo zake ziliweza kufutwa kwenye simu kwa kidole kimoja. Aliyekuwa amebeba jina lake mwilini hakuwa na njia rahisi kama hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba saini ile ni sahihi ya shabiki. Mwandiko ni wa mwanamuziki, mkono ulioshika sindano ni wa fundi, lakini anayesimamia maneno, anayesema «hili ni kweli kwangu», ni mwenye ngozi. Amemwazima mwanamuziki mwandiko ili atie sahihi juu ya miaka yake mwenyewe: nyimbo zilizomvusha msiba, mtihani, upweke wa hosteli. Tukiisoma hivyo, aibu inapungua na jukumu linaongezeka. Hakuna wa kumlaumu kesho, maana hakuna mwingine aliyesaini.

Anayetaka kutia sahihi ya namna hiyo aitie kwa siha, kama mzizi wa neno unavyotaka. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yake. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kupitisha homa ya ini ya aina B na C, hata virusi vya Ukimwi. Fundi avae glavu, na wino umiminwe katika kikombe kipya. Mwenye ndugu waliowahi kuota kovu nene baada ya jeraha afikiri mara mbili, kwa sababu ngozi nyeusi ina mwelekeo zaidi wa kuota kovu la namna hiyo. Saini isichorwe ndogo mno: kadiri miaka inavyopita rangi inatambaa kidogo, vitanzi vya herufi vinajifunga, na jina linakuwa doa. Na asijidanganye kwamba leza itafuta kila kitu. Inahitaji kurudiwa mara nyingi, na juu ya ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka.

Neno langu la mwisho ni kwa wenzangu wa fakulte. Tatuu ya mdogo wangu imepona, na yeyote anaweza kuisoma, au kutafuta jina lile kwenye simu yake. Chale za kambo hazitafutiki kwenye simu. Nilipomwomba anieleze mistari yake, alinieleza michache, mingine akasema aliyejua maana yake alikwisha kufa. Wengi kati yetu tunatafuta kichwa cha mada kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo, na tunazunguka maktabani kana kwamba vyote vimekwisha kuandikwa. Wazee walioandikwa mwilini bado wako katika nyumba zetu. Twende na daftari, tuulize jina la kila alama, kwa lugha yake, na nani aliyeichanja, wakati bado kuna wa kujibu.